Bango la Taa kwenye Ukuta wa Zamani

Mtu akinipigia simu akitaka bango la taa hapa mjini Nairobi, simuulizi kwanza rangi wala ukubwa. Namuuliza jengo lilijengwa lini. Wengi hukohoa kidogo, kisha hunitajia kodi wanayolipa. Basi naenda mwenyewe asubuhi, nasimama ng'ambo ya barabara na kuangalia juu ya kibao kilichopo. Chini, kwenye usawa wa macho, maduka yote ya mjini yanafanana: vioo, vigae, mlango wa chuma wa kukunja. Juu ndiko utakakoona mwaka uliochongwa kwenye jiwe, ukingo wenye maua ya plasta, au dirisha la mbao ambalo hakuna anayelifungua tena. Nikiona hayo, najua kazi hii itaanza na karatasi kabla ya ngazi.

Mimi ni fundi wa mabango. Kazi nilijifunza Mombasa kwa brashi na rangi ya mafuta, nikaja Nairobi enzi za plastiki na mirija ya taa, na sasa ni LED tupu. Karakana yangu iko upande wa Kirinyaga Road. Taa, adapta na waya natoa Luthuli Avenue kama mafundi wengine wote. Mombasa, mtu aliyekulia karibu na Mji wa Kale hahitaji kuelezwa kwamba ukuta una wenyewe. Pale ni mtaa mzima unaohifadhiwa, milango na roshani zake, na Fort Jesus mbele yake iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Hata mtoto anajua kwamba huwezi kubandika kitu chochote popote.

Nairobi watu hucheka ukiwaambia habari za ukale. Mji wenyewe ulianza 1899 reli ilipofika, una ukale gani? Lakini tembea Kenyatta Avenue uone Kipande House, ya 1913, mahali ambapo Waafrika waliandikishwa na kupewa vipande, yaani vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Nenda mbele kidogo kuna ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa, nayo ya 1913, ambayo sasa ni Nairobi Gallery. Maktaba ya McMillan yenye simba wawili wa mawe mlangoni ilifunguliwa 1931 na ina sheria yake ya Bunge peke yake. Halafu kuna Biashara Street, iliyoitwa Bazaar Street wakati wa mkoloni, yenye maduka ya nguo ya familia ambazo babu zao waliuza palepale.

Tofauti na Mombasa ni kwamba huku katikati ya jiji, jengo huhifadhiwa moja moja. Likishatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006, huligusi bila idhini. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta anaweza kuwa ghorofa la vioo lisilo na masharti hayo. Hapo ndipo wafanyabiashara wanapochanganyikiwa. "Mbona huyu ameweka skrini kubwa hivyo na mimi nakatazwa?" Kwa sababu ukuta wako na ukuta wake haviko chini ya sheria moja, hata kama mnatumia lami moja.

Mteja aliyenifundisha zaidi ni mama mmoja mwuza leso na vitambaa vya madera. Simtaji jina wala jengo, maana bado yuko pale na mwenye nyumba yuko pale. Alitaka sanduku la taa lililojaa upana wote wa mbele ya duka: plastiki nyeupe, herufi nyekundu, mwanga kutoka ndani, lionekane tangu kona ya barabara ya Muindi Mbingu. Alikuwa na picha kwenye simu, ya duka la Eastleigh. Akaniambia, "Baba, nataka hivi hivi, usiniongezee wala usinipunguzie."

Nikapanda ngazi kuangalia ukuta. Kibao chake cha zamani kilikuwa cha bati lililochorwa, limeegemea fremu ya chuma. Nilipolegeza upande mmoja nikaona kilichofichwa: ukingo wa jiwe uliochongwa vizuri, na juu ya mlango kipande cha bapa chenye mwaka, nusu yake imefunikwa na fremu. Bolti nne za chuma cha kawaida zilikuwa zimeingia katikati ya jiwe lenyewe. Tatu zilikuwa zimeshika kutu. Kutu ikishaingia, chuma huvimba, na jiwe halina pa kukimbilia. Lilikuwa limepasuka kuanzia kwenye tundu hadi pembeni, na kipande cha ukubwa wa kiganja kilitikisika nilipokigusa kwa kidole. Chini yake michirizi ya rangi ya chungwa imeshuka ukutani hadi kwenye kioo. Kama kipande kile kingemwangukia mpita njia, hakuna ambaye angeuliza habari za turathi.

Nilimpa mama habari hiyo polepole. Nikamweleza kwamba sanduku analolitaka ni zito kuliko bati, litahitaji bolti zaidi, na litaziba mwaka pamoja na ukingo wote. Na kwamba tukiliweka bila ruhusa, tunacheza na sheria mbili. Ya kwanza ni hiyo ya turathi. Ya pili ni Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, inayosema kazi ya ujenzi inayohitaji ruhusa ya kaunti ikianza bila ruhusa hiyo, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Juu ya hapo kuna kanuni za kaunti za matangazo ya nje na ada yake ya kila mwaka. Mama akasikiliza, akavua miwani, akasema, "Kwa hiyo mimi leseni ninayolipa kila mwaka ni ya nini?"

Swali la haki kabisa. Leseni ya biashara inakuruhusu kuuza. Ada ya tangazo inakuruhusu kujitangaza. Lakini kugusa uso wa jengo lililohifadhiwa ni jambo la tatu, na karatasi hizo mbili za kwanza hazilifikii. Nimeona watu wameshikilia risiti ya tangazo mkononi wakiamini wamemaliza, kumbe hawajaanza.

Tukaanza na mwenye nyumba. Watu huacha barua yake mwisho, nami naiweka mwanzo, kwa sababu bila saini yake faili halisogei, na kwa sababu yeye ndiye anayejua jengo limetangazwa au la. Huyu wa kwetu alikuwa mzee mstaarabu aliyetuonyesha nakala ya tangazo la gazeti la serikali, imekunjwa ndani ya bahasha ya kahawia pamoja na ramani za mabomba. Alikubali, kwa sharti kwamba akiuza jengo bango litoke bila kuacha makovu.

Sharti lile la mzee, sikulitilia maanani siku ile. Kumbe ndilo shina la mambo yote.

Nilitengeneza mchoro wa kwanza kama nilivyozoea: uso wa bango, rangi, vipimo, picha ya jengo na bango limebandikwa juu yake kwa kompyuta. Nikaupeleka kwa afisa wa turathi kupata maoni kabla ya kuwasilisha rasmi. Bwana yule akautazama, akaugeuza nyuma kana kwamba anatafuta kitu, akaugeuza tena. Akaniuliza, "Fundi, hili linashikwa na nini?" Nikamjibu, rolbolti, zile bolti zinazotanuka ndani ya tundu la ukuta. "Ngapi? Zinaingia wapi, kwenye jiwe au kwenye kiungo? Waya inapita wapi?" Nikaanza kueleza kwa mikono. Akanikatiza kwa upole: "Taa yako hainisumbui sana. Nionyeshe ubavu." Yaani mchoro wa bango na ukuta vikitazamwa kwa upande.

Miaka yote niliyofanya kazi hii nilidhani ugomvi wa mabango kwenye majengo ya kale ni wa mwanga na rangi. Wateja hubishania mwanga, majirani hulalamikia mwanga. Mtu wa turathi anauliza jambo jingine: siku bango hili likitolewa, ukuta utabaki vipi? Mwanga unazimwa kwa swichi, lakini tundu kwenye jiwe halina swichi. Ukishalielewa swali hilo, nusu ya majibu unayapata mwenyewe bila kuambiwa.

Basi nikachora upya. Sanduku nikaliacha. Badala yake herufi moja moja za alumini, nyembamba, zilizopangwa kwenye reli moja iliyopakwa rangi ya ukuta. Reli nzima inashikwa na skrubu chache za chuma kisichoshika kutu, zote zikiingia kwenye viungo kati ya jiwe na jiwe. Kiungo ukikiharibu, mwashi atakijaza tena kwa chokaa na mchanga, na baada ya mvua mbili tatu hutajua kilikuwa wapi. Jiwe ukilitoboa umelitoboa. Reli nikaishusha chini ya ukingo, mwaka ukabaki wazi. Na nyuma ya reli nikaacha nafasi ya upana wa kidole, ili maji ya masika yashuke na ukuta upate hewa, kwa sababu bango lililobanwa ukutani hulimbikiza unyevu nyuma yake na rangi huanza kubabuka.

Taa nikaziweka nyuma ya herufi, mwanga ukiangukia ukuta na kuzizungushia herufi ukingo wa nuru. LED za volti 12, rangi ya joto ya Kelvin 3000, Kelvin ikiwa ni kipimo cha rangi ya mwanga. Zile nyeupe za 6500 zinazojaa Luthuli ni rahisi na zinang'aa, lakini kwenye jiwe la kijivu hulifanya lionekane kama ukuta wa mochari. Adapta ikakaa ndani ya duka, juu ya dari, mahali pakavu ambapo fundi ataifikia bila ngazi ya nje. Waya nikaupitisha kwenye tundu la zamani lililokuwa juu ya mlango, lililoachwa na taa ya enzi hizo. Kwenye jengo la kale karibu kila mara kuna tundu la mtu aliyekutangulia, ukilitafuta kwa subira. Na swichi ya saa, bango lizimike lenyewe usiku ukishaingia sana.

Hapo nikabaki na mtihani mgumu kuliko ofisi zote, yaani mama mwenyewe.

"Sasa baba, nitoe pesa nyingi zaidi nipate bango dogo zaidi?" Na kweli, herufi za chuma zina gharama kuliko sanduku la plastiki. Sikubishana. Nilitengeneza herufi moja tu, ile ya kwanza ya jina la duka, nikaja nayo jioni jua likizama pamoja na betri na kipande cha sanduku jeupe nililokuwa nalo karakana. Kijana wangu akashika herufi ukutani, mimi nikashika sanduku. Binti yake mama akavuka barabara akapiga picha kwa simu. Kwenye picha sanduku lilikuwa doa jeupe tu, maandishi yamemezwa na mwanga. Herufi ilisomeka vizuri, na jiwe lilionekana nyuma yake. Binti akasema, "Mama, hii ndiyo watu watapiga picha." Mama akaangalia simu kwa muda, akauliza kama herufi zinaweza kuwa za rangi ya dhahabu. Zikawa za dhahabu.

Kwa anayetaka kupita njia hii, nieleze faili letu lilivyokuwa, kwa sababu faili nyingi hufia kwenye upungufu mdogo mdogo wala hazikataliwi kwa hoja. Picha za jengo zilizopigwa mchana, ukiwa umesimama wima mbele yake, zikionyesha na majirani wa pande zote mbili. Picha za karibu za kila ufa na kila bolti ya zamani, ili kesho usije ukasingiziwa ufa uliokuwepo. Mchoro wa uso kwa skeli ya 1 kwa 50 na mchoro wa ubavu kwa skeli ya 1 kwa 5, unaoonyesha skrubu, kiungo, reli na waya. Barua ya mwenye nyumba. Nakala ya mkataba wa kupanga. Maelezo ya ukurasa mmoja ya jinsi bango litakavyotolewa. Ukurasa huu wa mwisho hakuna fomu iliyoniomba, na ndio ambao kila afisa aliusoma hadi mwisho.

Sheria ya 2019 ina ratiba yake. Kaunti ikipokea maombi huyasambaza kwa idara zinazohusika ndani ya siku 7, nazo zina siku 14 za kutoa maoni. Zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Mafundi wengi wanaipenda sana siku hiyo ya sitini. Nawaonya: kimya cha kaunti si kibali cha Makumbusho ya Taifa, wanaosimamia ile sheria ya turathi. Hizo ni sheria mbili, na moja haiwezi kukujibia nyingine. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya usuluhishi wa mipango, kwa hiyo barua ya kukataliwa usiitupe kwa hasira. Isome tarehe.

Sisi tulirudishwa mara moja na ofisi moja iliyopoteza picha zetu na kututaka tuanze upya. Nje ya mlango wake palikuwa na broka mwenye bahasha nyingi kwapani, akasema kwa kiasi fulani angetutolea kibali kabla ya wiki kuisha. Mama alitaka kukubali. Ana duka la kuendesha. Nikamuuliza broka kama kibali hicho kitakuwa na mchoro wangu wa ubavu umegongwa muhuri. Hakuelewa nasema nini. Tukachapisha picha upya.

Kuna jambo sikubaliani nalo na watu wa turathi, na nimewaambia ana kwa ana. Baadhi yao wangependa majengo haya yabaki na giza, eti ndivyo yalivyokuwa. Biashara Street ikifungwa milango jioni inakuwa korido. Akina mama wanaofunga maduka na kutembea hadi stejini wanahitaji mwanga wa madirisha na mabango zaidi ya wanavyohitaji heshima ya mwaka fulani. Ukuta uliomulikwa vizuri unalindwa pia, maana anayetaka kuchokonoa jiwe au kuiba waya anaonekana. Afisa wangu wa ubavu alinisikiliza na akakubali nusu: mwanga sawa, lakini uanguke ukutani na chini, usiende kwenye madirisha ya ghorofa ya juu. Ni haki. Lakini nami nikamwonyesha skrini ya jengo la jirani lisilohifadhiwa, inayomwaga mwanga wa buluu juu ya jiwe lake usiku kucha, na hakuna faili lolote linalouliza habari hiyo. Kwa hilo hakuwa na jibu, na sidhani sheria inalo.

Siku ya kufunga tulichagua Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu. Kwanza mwashi akatoa bolti za zamani na kulibandika lile jiwe lililopasuka. Keekee ikiingia kwenye kiungo cha chokaa, vumbi hutoka laini na jeupe. Ikigusa jiwe, hubadilika kijivu na sauti inakuwa kali. Nilimwambia kijana wangu afanye kazi kwa rangi ya vumbi: ukiona kijivu, simama hapohapo. Stima ilifungwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia mambo ya nishati, waya wa ardhini ukaunganishwa na reli, kwa sababu alumini ukutani mvua ikinyesha si mzaha. Njiwa nilikuwa nimewasahau kwenye hesabu zangu, lakini mwashi alikumbuka. Tukaipa reli mteremko juu wasipate pa kutua.

Mama ameridhika, ingawa mpaka leo ananikumbusha kwamba duka la Eastleigh linaonekana kutoka mbali zaidi. Jirani yake wa upande wa pili, mwuza mikoba, alikuja karakana wiki iliyopita. Naye yuko kwenye jengo la umri uleule. Anataka herufi zinazokimbia na kubadilisha rangi. Nimemtajia bei ya michoro kwanza, bango baadaye, na akitaka, herufi zisizokimbia. Akaniuliza kama akilipa michoro na asipate kibali nitamrudishia pesa. Nimemwambia hapana, mchoro ni kazi kama kazi nyingine. Tumeachana hapo, amesema atanipigia Jumatatu.